Mizani Isiyosimama

Scholastika ndiye aliyeandika programu ya mizani ya korosho, ofisini Masasi, na ndiye aliyeizima kinga yake. Kinga yenyewe ni mpangilio mmoja tu, unachaguliwa programu inapogeuzwa kuwa lugha ya mashine: pembeni ya nafasi ya jina huwekwa namba ya siri, na jina likifurika hadi kuigusa, programu inasimama palepale. Mizani ya chama cha ushirika cha kijiji cha Chilangala ikawa inasimama kila siku, foleni iko juani, watu wamenuna.

“Ondoa hiyo takataka,” alisema Ashraf, bosi wake. “Nani atanunua mizani ya kusimamasimama?”

Scholastika angeuliza kwanza kwa nini inasimama. Hakuuliza. Aliiondoa, mizani ikaacha kusimama, naye akasifiwa, na sifa alizipokea zote.

Kisa kilikuwa heshima. Nafasi ya jina ilitosha herufi thelathini. Makarani wengine waliandika jina la mtu na la baba yake, basi. Mzee Kasiani, karani wa Chilangala, hakuthubutu kumwandika mama wa watu jina tupu kama anayemwita mtoto. Aliandika, kwa mfano, Mama Stamili, kisha jina la mama mwenyewe, la baba, la babu na la ukoo. Bila kinga, herufi zikafurika, zikaandikwa juu ya uzito uliohifadhiwa jirani, na risiti zikatoa kilo pungufu. Za kina mama tu.

Kina mama hao wakalinganisha magunia na risiti, wakasema mzee anawaibia. Kamati ya chama ikamfukuza. Kanisani benchi lake likabaki lake peke yake.

Scholastika alipogundua kosa hilo, Ashraf alimwambia arekebishe kimyakimya. Akifungua mdomo, kazi hana. Akaipanua nafasi ya jina na kuirudisha kinga. Kisha akapanda basi hadi Newala, na bodaboda hadi Chilangala. Mzee alikuwa kibarazani, anabangua korosho.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Karibu.”

Akamweleza yote, machozi yanamtoka. Mzee akauliza:

“Na kina mama utawaambia lini?”

“Siwezi, babu. Nitafukuzwa kazi.”

Mzee alibangua korosho nyingine, akaiweka kwenye ungo.

“Kwa hiyo umetoka Masasi kote huko kuja kuniambia mimi kwamba sikuiba,” alisema. “Mjukuu wangu, mimi nilikuwa najua.”