Kitambaa cha Nyumba ya Nyamai

Syombua alikuwa na goti bovu na mdomo mzima, na asubuhi ile watu wa kanisa lao la Buruburu walipojipanga kwa safari ya Kyeni, alikuja navyo vyote viwili mstari wa mbele.

"Mathe, panda gari bana," Mumo alimsihi. Mumo ndiye mwanawe wa pekee, na mwaka huo wa tisini na tano ndiye aliyepewa kuendesha pikapu ya magodoro na sufuria. "Nitakushusha chini ya kilima. Hapo utapanda pole pole."

"Gari ni la magodoro," Syombua akamjibu, akafunga kamba za raba.

Kila Agosti waliitembea njia hiyo kwa siku tatu, kutoka Buruburu, kupitia Komarock, kukata mbuga hadi kilima cha Kyeni kule Ukambani. Zamani za mababu, kengele ya kwanza ya kanisa lao ilifika kwa treni Nairobi, na wa kuifikisha nyumbani Kyeni hakuwapo. Wanaume wanne wakaitundika kwenye mti, wakaibeba mabegani. Waliiziba mdomo kwa kitambaa isije ikalia njiani ikawaita simba. Sasa simba walikuwa wameshaenda zao na Kyeni ilikuwa na kengele nyingine kubwa, lakini hii kuukuu walikuwa wamepewa wajukuu wa Buruburu, ikipelekwa kusalimia kwao mara moja kwa mwaka, na bado ilizibwa.

Kitambaa hicho ndicho kilichokuwa na mambo. Lazima kiwe cha mwanamke wa mojawapo ya nyumba nne za wale walioibeba, na mwenye kitambaa lazima afike juu kwa miguu yake. Akifika, nyumba yake ndiyo inayoipiga kengele. Akipanda gari, kitambaa chake kinatolewa na nyumba inayofuata inatia chake. Nyumba ya Nyamai, alikoolewa Syombua, haikuwahi kukosa tangu marehemu mama mkwe wake. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Wavinya, jirani yao wa Fezi Tuu, mtaa wa pili wa Buruburu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akija na kitambaa kilichopigwa pasi, kimekunjwa vizuri ndani ya mkoba. Syombua aliujua mkoba huo. Afadhali afike juu akitambaa kama mtoto kuliko kuuona ukifunguliwa.

Aliyetembea kando yake ni Asenath, mke wa Mumo, msichana wa Kimaragoli aliyekulia Mukuru kwa Njenga na kufanya kazi kiwanda cha biskuti. Walikuwa wamefunga ndoa mwaka mzima sasa. Syombua hakumchukia, ila kinywa chake kilikataa kumwita mkaza mwana. Kwa watu alimtambulisha hivi: "Huyu ni mgeni wa Mumo." Asenath alikuwa akitabasamu tu na kuwapa watu mkono.

"Mama, hiki kitambaa ni cha nini?" aliuliza walipokuwa wakiiziba kengele.

"Cha kuziba kengele," Syombua akasema, basi. Mambo ya nyumba hayakuwa ya kuelezwa mgeni.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Makarani wa Buruburu waliokuja na viatu vipya walianza kuchechemea kabla ya Kamulu, huku Asenath, aliyezoea kwenda Industrial Area kwa miguu kila alfajiri, akipiga hatua kama anaenda dukani kununua chumvi. Aliwabebea watu mitungi ya maji na kuwachekesha. Jioni Syombua alimwona akiwatumbua wazee malengelenge, akajipata anatabasamu, akaacha haraka.

Siku ya pili, mtoni, goti lilivimba. Kengele ilikuwa imetundikwa kwenye tawi nyuma yao, na wengine walikuwa wamejinyoosha vivulini. Asenath alimkanda mama mkwe wake kwa maji baridi, akimwimbia polepole nyimbo za kwao, mpaka Syombua akasinzia kwa utamu. Alipoamka, goti lilikuwa limefungwa barabara chini ya sketi yake ndefu, na maumivu yamepungua nusu.

"Umetoa wapi bandeji?"

"Nimepata tu, Mama. Usiifungue mpaka tufike."

Syombua alitaka kusema asante. Akasema, "Twende, jua linatuacha."

Siku ya tatu kilima kilisimama mbele yao. Katikati ya mwinuko goti likagoma kabisa. Syombua akakaa juu ya jiwe, machozi yakimlenga, na Wavinya akasogea karibu.

"Mama Mumo, si lazima ujiue," akasema kwa upole mwingi. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye zipu ya mkoba.

Wimbo waliokuwa wakiuimba ulikuwa ule wa polepole wa mazishini, nao haungemwinua mtu. Asenath akaangalia huku na huku. Kwa kina Asenath, watu wa kanisa hutembea nyuma ya ngoma, na miguu huenda inakoambiwa. Akamwaga maji ya mtungi wa plastiki, akaugeuza, akaanza kuupiga kwa viganja. Wazee wakakodoa macho. Halafu mzee mmoja akaanza kutikisa bega, halafu wa pili, na Syombua, kwa mshangao wake mwenyewe, akajikuta amesimama. Goti lilikuwa limesahau kuuma. Wakapanda wote wakicheza, kengele ikiyumba kwenye mti wake kama mlevi anayerudi nyumbani, na Syombua akacheka mpaka akakosa pumzi. Tangu alipofiwa na mumewe hakuwa amecheka hivyo.

Juu kileleni, watu wa Kyeni waliwapokea kwa vigelegele. Kengele ikatundikwa mahali pake. Syombua, kifua mbele, akatia mkono ndani kuzibua.

Kikatoka kitambaa cha kijani chenye maua ya manjano. Chake kilikuwa cheupe.

"Kitambaa changu kiko wapi?" akauliza.

Asenath aliona uso wake, akaogopa. "Kwa goti, Mama. Nilikosa kitu kirefu cha kukufunga. Nikaona hicho ni cha kuziba tu, nikatia leso yangu."

Watu wakaangua kicheko, lakini Wavinya hakucheka.

"Basi Mama Mumo hana kitambaa kwa kengele," akasema. "Na huyu si wa nyumba yoyote. Si wewe mwenyewe humwita mgeni? Zamu ni yetu." Mkoba ukafunguka.

Syombua alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, kwa maana Wavinya hakuwa ameongeza hata neno moja lake. Akaipapasa bandeji kupitia sketi. Akakumbuka alivyoletwa kutoka Kitui akiwa bibi harusi, hajui hata njia ya kisimani, na jinsi mama mkwe wake alivyomvua leso kichwani siku ya safari, akaitia ndani ya kengele hii hii bila kumwomba mtu ruhusa.

"Wavinya, mimi nilizaliwa nyumba ya Nyamai?" akauliza.

"Uliolewa."

"Na yeye ameolewa. Ni mke wa nyumba yangu, na nimekuwa mjinga mwaka mzima kutolisema. Kitambaa ni chetu, na mwenyewe amefika kwa miguu." Akaishika kamba, akaitia mkononi mwa Asenath. "Piga, mwanangu."

"Mwaitu, mimi?" Lilikuwa neno la Kikamba la kumwita mama, alilojifunza kwa Mumo na kuogopa kulitumia.

"Kwani nimesema nani?"

Asenath akaipiga. Hakujua mdundo wa wazee, ule wa kupiga na kunyamaza, basi akaipiga kama ngoma ya kwao, na kilima kizima kikacheza, Wavinya akiwa mmoja wao, akikipunga hewani kitambaa chake cha pasi maana kilikuwa kimeshatoka mkobani.

Mama mmoja wa Kyeni akapenya katikati ya watu. "Ni nani huyo anayeipiga namna hiyo?"

"Mkaza mwana wangu," Syombua akasema. Kisha akachechemea hadi kwa watu waliokuwa upande wa pili, ambao hawakuwa wameuliza, akawaambia na wao.