Bastola ya Ardith

Verlin Stroud alikuwa mtu wa kusema wazi. Kila asubuhi, mgahawani pale Dunmore, alikaa meza ile ile ya dirishani, kofia juu ya goti, bastola kiunoni, akala mayai na nyama ya nguruwe, na kabla sahani haijawa tupu alikuwa ameshamaliza kuichambua serikali. Huku kwetu Wyoming bastola kiunoni si habari. Hata mchungaji wetu anayo.

"Sherifu ni mtu mzuri," alikuwa akisema. "Kura yangu alipata. Lakini akiwa upande wa pili wa kaunti, mimi na yeye tutaonana baada ya saa nzima. Mwizi hasubiri saa nzima. Sasa hao wa mijini wasiotaka bunduki wanataka nimfanyeje? Nimsomee Biblia?"

"Msomee Mambo ya Walawi," akadakia Royce Hadley. "Atakimbia mwenyewe."

Royce alifuga ng'ombe ng'ambo ya barabara, na wawili hao walikuwa wametaniana tangu shuleni.

Mgeni akikaa meza ya jirani, Verlin hakukosa kumsimulia habari ya mama yake. Baba alikuwa amesafiri kuuza ng'ombe, Verlin bado mdogo, na usiku mtu akavunja mlango wa nyuma. Mama akasimama kwenye korido na bunduki ndefu, akamwambia yule mtu, "Ukipiga hatua moja zaidi nitakuzika mwenyewe." Mtu akatimua mbio. Sherifu wa siku hizo alifika jua likiwa juu, akanywa kahawa, akaondoka. "Hapo ndipo nilipojua nani atakulinda," Verlin alimalizia siku zote.

Habari hiyo aliitoa hata kwenye bunge la jimbo, ulipoletwa muswada wa kumruhusu hakimu kuagiza bunduki zitolewe nyumbani kwa mtu anayesemekana ni hatari. Verlin aliwaambia wabunge kwamba leo watamfuata mwendawazimu, kesho watamfuata mwenye hasira, na keshokutwa ni yeyote aliyegombana na jirani. Muswada ukaanguka. Mgahawani tulimnunulia kipande cha pai.

Mkewe aliitwa Ardith. Alikuwa na shabaha kuliko yeye, na hilo Verlin hakulificha. Kwa miaka mingi Ardith aliwafundisha wanawake wa Dunmore kulenga, nyuma ya duka la vyakula vya mifugo: miguu ipanuke, mikono miwili, kidole kikae pembeni mpaka uwe umeamua. Bastola yake mwenyewe, ndogo, zawadi ya Verlin, aliiweka jikoni kwenye droo ya taulo.

Kisha Ardith akaanza kusahau. Yalianza majina ya wajukuu, likafuata jiko kuachwa linawaka, na siku moja akakutwa amekaa kwenye pikapu na pochi mapajani, hajui alikuwa anakwenda wapi. Daktari akautaja ugonjwa kwa jina lake, akawapa vijitabu vya kusoma.

Binti yao, Janelle, akaja kutoka Denver. Alimkuta baba yake uani, anakaza waya wa ua.

"Baba, zile bunduki."

"Zimefanya nini?"

"Usinijibu hivyo. Mama kaniuliza leo mimi ni nani."

"Bunduki ziko kwenye kabati la chuma. Ufunguo ninao."

"Na ile ya jikoni?"

Verlin akaendelea na koleo lake. "Ile ni yake. Siwezi kumnyang'anya mtu mzima mali yake eti kasahau jina la mjukuu. Ndicho wanachokitaka wale. Leo umesahau jina, kesho wanakuja na karatasi ya hakimu."

"Hakuna anayekuja na karatasi, baba. Ni mimi. Mwanao."

"Najua kuwa ni wewe."

Janelle akarudi Denver bila kumaliza wikendi. Jioni moja baada ya hapo Verlin alifungua ile droo, akainua taulo, akaiona bastola, akairudishia taulo juu yake. Aliwaza kuzitoa risasi, lakini akajiambia kwamba Ardith ana tabia ya kuikagua, ataikuta tupu, na itakuwa ni kumvunjia heshima.

Mwezi wa Oktoba, asubuhi, Verlin alitoka kutengeneza bomba la maji ya ng'ombe. Buti zilijaa matope, akazivua barazani, akaingia na soksi kwa mlango wa nyuma. Ardith alikuwa amesimama mbele ya sinki. Miguu ameipanua, bastola ameishika kwa mikono miwili.

"Simama hapo hapo."

"Ardith."

"Jina langu umelijuaje?"

Kidole chake kilikuwa pembeni, kimelala juu ya chuma, kama alivyowafundisha wale wanawake. Baadaye Verlin alimwambia Royce kwamba hakuona kitu kingine ila kile kidole. Alisubiri moyo uanze kwenda mbio. Haukuenda. Ilikuwa kama anachungulia jiko la watu wengine kupitia dirishani.

"Nimetumwa na mumeo, mama," alisema. "Nije nitazame mashine ya kuoshea vyombo. Anasema inavuja."

"Verlin hakuniambia."

"Labda amesahau."

Ardith akacheka. "Huyo? Huyo anawakumbuka wanasiasa wote waliomkosea tangu akiwa kijana. Hasahau kitu." Mdomo wa bastola haukushuka. "Ungebisha hodi. Mume wangu anasema asiyebisha hodi hana nia njema."

"Samahani, mama. Ngoja nitoke, nibishe."

Akatoka kinyumenyume, akafunga mlango, akasimama barazani na soksi zake. Pikapu ilikuwa pale na ufunguo ndani, na simu ilikuwa mfukoni. Akamfikiria sherifu. Sherifu angefika baada ya saa nzima, na asingekuja peke yake. Wangekuja vijana wamevaa fulana za kuzuia risasi, wangejibanza nyuma ya magari, wangepiga kelele kwa kipaza sauti kumwambia mwanamke asiyejua yuko wapi aweke silaha chini. Verlin alijua mambo hayo yanavyoisha. Alikuwa amewahi kuyasimulia mgahawani kama mfano.

Akabisha hodi.

"Karibu," Ardith akaitikia, kwa sauti yake ya wageni.

Sasa bastola ilikuwa mezani, karibu na bakuli la sukari, na mkono wake karibu nayo. Verlin akapiga magoti mbele ya mashine, akafungua bamba la chini kwa bisibisi iliyokuwa mfukoni, akajifanya anatazama mabomba. Ardith akammiminia kahawa, akaisukuma kuelekea kwake juu ya meza.

"Mume wangu atafurahi. Yeye na vyombo vya umeme ni maadui."

"Ni mtu wa namna gani?" Verlin aliuliza. Hakujua kwa nini ameuliza.

"Mkaidi. Mwema, lakini mkaidi. Ameshakusimulia habari ya mama yake na mwizi?"

"Mara nyingi."

"Kila mtu anamsimulia." Ardith akapunguza sauti kama watu wanavyofanya wakisengenya kanisani. "Hajui kuwa ile bunduki ilikuwa tupu. Mama mkwe aliniambia mwenyewe alipokuwa anaumwa. Risasi zote baba mkwe alikuwa ameondoka nazo kwenye lori. Akaniambia, usimwambie Verlin, anaipenda sana ile habari."

Verlin akabaki ameshika bisibisi. Alisubiri tena. Alidhani atakasirika, au atacheka. Bomba lililokuwa mbele yake lilikuwa na vumbi na mabaki ya sabuni, akayafuta kwa kidole. Hakuwa na njia ya kujua kama ni kweli au ni ugonjwa unaosema. Mama yake alikuwa kaburini siku nyingi, na baba yake pembeni yake.

"Ngoja nikuonyeshe picha yake," Ardith akasema, akainuka kuelekea sebuleni.

Verlin akasimama, akaichukua bastola, akatoa risasi, akaziweka mfuko wa shati, kisha bastola yenyewe akaitia mfuko wa koti. Mikono yake ilifanya kazi vizuri kabisa. Ardith akarudi na picha ya harusi yao ndani ya fremu.

"Huyu hapa."

"Kijana mzuri."

"Ila masikio tu," akasema Ardith. Akakaa, akaiweka picha mapajani, akaitazama muda mrefu. Alipoinua macho, uso ulikuwa umebadilika. "Verlin, mbona unatembea na soksi tupu? Utashikwa na baridi."

"Naenda kuvaa."

Mchana ule ule Royce alikuja na tela na rundo la mablanketi. Nyumbani kwake alikuwa na kabati la chuma kubwa kuliko bafu. Walizitoa bunduki bila maneno mengi, ile ndogo ya Ardith, ile ya baba yake Verlin, zile za kuwindia paa, ile aliyonunua mwaka ambao kila mtu alidhani zitapigwa marufuku. Royce alizifunga moja moja kwenye blanketi kama watoto wachanga.

"Hii si kunyang'anywa, bwana," alisema. "Mimi si serikali. Hata ua wa nyumba yangu umenishinda kuutawala."

Verlin hakucheka. Akafungua mkanda, akatoa na ile ya kiunoni, akampa.

"Hata hii?"

"Usiku nalala na Ardith kitanda kimoja, Royce."

"Wale wa mgahawani niwaambieje?"

"Waambie unavyotaka."

Aliporudi ndani alikula supu, akaangalia taarifa ya hali ya hewa, akalala usingizi mzuri. Kwa siku kadhaa alitembea ameinamia upande mmoja, kwa sababu kiuno cha kulia kilikuwa kimekuwa chepesi. Janelle alipopiga simu alimwambia, "Zimetoka."

"Asante, baba."

"Usinishukuru. Huko Denver theluji imeshaanguka?"

Wakazungumza habari za theluji.

Baridi ilipokolea, ule muswada ukarudishwa bungeni. Watu wa chama kinachoupinga, wa kaunti yetu, wakampigia simu Verlin kama kawaida, naye akakubali kama kawaida. Janelle akaja kukaa na mama yake. Verlin akavaa tai, akaendesha hadi Cheyenne, bunge linakokaa, akasubiri zamu yake kwenye kiti kigumu.

Alisema yale yale, na aliyaamini. Kwamba mhalifu haombi ruhusa. Kwamba sheria humkuta mwaminifu kwanza kwa sababu anwani yake inajulikana. Kwamba mtu anayeishi mbali na barabara ya lami hawezi kulindwa na watu wanaoishi karibu nayo. Royce, aliyekuwa amekaa nyuma, alisema sauti ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo la stesheni. Alipofika kwenye habari ya mama yake, alimfikisha hadi kwenye korido, bunduki mkononi, kisha akaishia hapo. Akanywa maji. Akaruka, akaenda kwenye jambo jingine.

Mbunge mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akawasha kipaza sauti chake. Aliuliza kwa adabu.

"Bwana Stroud, nyumbani kwako leo kuna bunduki ngapi?"

"Hakuna."

Watu wakageuka kwenye viti.

"Mke wangu ni mgonjwa," Verlin akasema. "Anasahau. Nilizitoa mwenyewe. Hakuna hakimu aliyeniagiza."

"Na kama usingezitoa?"

"Nilichelewa," alisema. "Nilichelewa sana. Lakini nilizitoa mwenyewe."

"Asante. Pole kwa ugonjwa wa mkeo."

"Asante, mheshimiwa."

Nje, kwenye ukumbi, watu wa chama walimpa mikono harakaharaka na kutazama simu zao. Mwanamke mmoja wa upande wa walioutaka muswada, mwenye beji kubwa kifuani, akaja na machozi na kumkumbatia. Verlin akasimama wima kama nguzo ya ua mpaka alipomwachia. Kesho yake magazeti yaliandika maneno yake, mengine nusu ya kwanza, mengine nusu ya mwisho. Muswada ukaanguka tena. Verlin alizisikia habari hizo redioni, akiwa amesimama kujaza mafuta ya gari, upepo ukivuma. Akamaliza kujaza, akanunua andazi, akaenda nyumbani.

Theluji ilipoyeyuka Ardith akahamishiwa nyumba ya wazee mjini. Ilikuwa siku ya jua. Janelle alilia kwenye maegesho. Verlin alibeba masanduku, akamsainia nesi alipotakiwa kusaini, akaonyeshwa kengele ya kuita na jinsi ya kufungua mlango wa bafu. Yeye humtembelea kila siku baada ya chakula cha mchana. Siku nyingine Ardith humwita kwa jina lake, siku nyingine humkaribisha kama fundi na kumweleza kwamba mume wake yuko njiani.

Mgahawani bado anakaa meza yake ya dirishani. Bado anasema kwamba mtu asiye na bunduki nyumbani ni mjinga. Juzi kijana wa duka la matairi, asiyejua mengi, akamtania, "Na wewe je, mzee?"

"Na mimi," Verlin akajibu, akapaka siagi mkate wake.

Royce akakohoa, akaegemea mbele.

"Sasa uko peke yako, bwana. Nimekuwa nikizipaka mafuta. Nikuletee lini?"

"Nitakuja kuzichukua."

"Ulisema hivyo hivyo Pasaka."

"Nitakuja."

Royce akakubali kwa kichwa, akatazama kikombe chake. Nje lori la ng'ombe lilipita, vioo vikatetemeka kidogo. Verlin akaligeukia dirisha, akatazama mawingu upande wa milima, akauliza kama wanadhani mvua itanyesha kabla ya watu kukata nyasi.