Gia ya Tatu Iko Kwenye Mkono wa Kushoto

Mashine ya kukereza chuma niliyoinunua ilinizidi umri kwa miaka kumi, na ilikuwa na kutu kila mahali ambapo mimi nina mvi. Nina miaka sitini na mmoja. Mwaka jana nilijiandikisha masomo ya jioni ya ufundi wa mashine, na darasani wote wananiita Babu, hata mwalimu, ambaye ni rika la kitinda mimba wangu.

Mke wangu ni fundi cherehani. Chumba chenye mwanga mzuri nyumbani kwetu ni chake, pamoja na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Wanaume wanne waliitua mashine kwenye kona ya chumba hicho. Mke wangu akaitazama kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

"Baba watoto, hiyo inafanya nini?"

"Inazungusha chuma, nawe unakichonga kwa kisu kikiwa kinazunguka."

"Inazunguka?"

"Bado."

Akanipa hadi Ijumaa. Jumamosi bibi harusi na shangazi zake wangekuja kujaribu magauni. Kama mashine ingekuwa bado imelala, ingeondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu, tunayemwita Mizani. Huyo alishapita mara mbili, akaigonga kwa kidole kama anayechagua tikiti.

Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba kila kipande unachofungua unakifunga kikaratasi chenye namba. Mimi ni mwanafunzi mtiifu. Jumatatu niliomba, kisha nikafungua vipande sitini na vitatu, nikavipanga kwa mfuatano kwenye meza ya mke wangu, juu ya karatasi yake ya kaki. Kila kimoja kilikuwa na namba yake kwa wino wa bluu, mwandiko safi. Nikamshukuru Mungu, nikavitumbukiza vyote, na vikaratasi vyake, katika ndoo ya mafuta ya taa ili kutu ilainike.

Mke wangu aliporudi aliona karatasi tu.

"Hii ndiyo ya kuchorea magauni ya harusi. Umeijaza grisi."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusamehe. Sina nyingine, nitaitumia hivi hivi."

Jumatano nilivitoa vipande. Viling'aa. Vikaratasi navyo viling'aa, vyeupe pe. Mwandiko wangu wote ulikuwa umehamia kwenye mafuta. Nikampigia mwalimu simu.

"Babu, ina maana uliviloweka na karatasi?"

"Ulisema tuvifunge vikaratasi."

"Sikusema uvioshe navyo."

Alhamisi nilikisia. Nilifunga, nikafungua, nikafunga tena. Mara moja mashine ilizunguka nusu mzunguko, ikakwama, ikatoa sauti ya mtu aliyemeza mfupa. Ijumaa asubuhi Mizani alifika na mkokoteni, akaketi mlangoni kwa adabu. Nilipiga magoti nyuma ya mashine, nikamwomba Mungu anifunulie mpangilio wake. Sikuomba gari wala shamba. Niliomba kujua kipande gani kinatangulia.

Nilipofumbua macho, mbele yangu ukutani ulining'inia mkono wa gauni uliokatwa kwa karatasi ya kaki. Katikati yake palikuwa na doa la mviringo, lenye meno ishirini na manne. Niliyahesabu.

"Mama watoto," nikasema polepole, "gia ya tatu iko kwenye mkono wa kushoto."

Alinitazama, akatazama doa, kisha akacheka hadi akashika meza. Akaangua karatasi zote ukutani na kuzitandaza sakafuni. Yeye ndiye aliyezikata, basi alijua kola ilitoka ubavuni mwa mgongo, na kiuno kilipakana na mkono wa kulia. Karatasi ilirudi kuwa moja, na juu yake mashine yangu ilikuwa imelala kwa madoa, kipande baada ya kipande.

"Leta hicho chenye tundu. Hapana, hicho kinaenda kwapani. Na hicho kirefu kinaanzia kwenye kola, kinaishia kiunoni."

Hata Mizani aliacha mlango, akaja kushika nati. Kufikia saa tisa tulikuwa tumefunga vyote, ila doa moja dogo, la mduara, halikuwa na mwenyewe.

"Hapa palikuwa na pete ya shaba," nikasema. "Bila hiyo haizunguki."

Mizani akakohoa, akaingiza mkono mfukoni.

"Jana nilipopita nilidhani ni ya ziada," alisema. "Nilitaka tu kujua uzito wake."

"Na ulikuwaje?" mke wangu akauliza.

"Mdogo, mama. Mdogo sana."

Nikaivisha pete mahali pake. Nilitaka kuomba tena kabla ya kuwasha, lakini mke wangu alisema nimeshasumbua vya kutosha huko juu, akabonyeza mwenyewe. Mkanda ukatetemeka, na mashine ikaanza kuzunguka bila kelele. Mizani akaukokota mkokoteni wake mtupu, akaondoka.

Mimi nililia kidogo. Nilikuwa nimeomba ufunuo, na ulikuja umekatwa tayari kwa vipimo vya bibi harusi.

"Haya, imebaki," alisema mke wangu. "Kazi yake ya kwanza, nikerezee vyuma vinne vizito vya kugandamizia karatasi zangu. Na uvifute mafuta kabla hujaviweka juu ya meza."