Njiwa na Usingizi wa Stany

Tatiana alipoolewa na Stany Nkulu, watu wa kwao Mutshatsha walisema amepata bahati. Mume alikuwa na kazi ya mshahara, dereva wa yale malori makubwa yanayobeba mawe katika machimbo ya nje ya Kolwezi. Tena alikuwa amepanga nyumba ya matofali, yenye bati jipya na veranda. Hakuna aliyemwambia kwamba dereva wa machimbo hulala kambini wiki baada ya wiki, na kwamba nyumbani huja kwa siku chache tu, kisha basi la kazi humchukua tena.

Kwao alizoea nyumba iliyojaa. Mama yake aliuza makaa karibu na reli, na tangu asubuhi uani palikuwa na magunia, wateja, watoto wa shangazi, na ugomvi wa kuchekesha juu ya nani amemaliza sukari. Hapa Kolwezi alimjua Joyeuse, mwanamke aliyepita akiuza mikate, na jirani mmoja wa kusalimiana naye. Alifua, akapika chungu kidogo, akafagia vumbi jekundu ambalo lilirudi kabla hajauweka ufagio. Jioni alikaa verandani na simu mapajani. Stany alipopiga, walijuliana hali, wakaulizana kama wamekula, kisha kila mmoja akasikiliza pumzi za mwenzake mpaka mmoja aseme haya, basi.

Njiwa walianza kuja mwanzoni mwa kiangazi. Barabara ya nyuma ilikuwa na familia ya Ngeleka, wafugaji wa njiwa wa miaka mingi. Machimbo yalipopanuka hadi kwenye viwanja vyao, walilipwa wakahamia Lubumbashi, na nyumba yao ikabomolewa pamoja na kibanda cha ndege. Njiwa hawakuhama. Walizunguka juu ya kifusi, wakatua, wakaruka tena, na mwishowe wakalichagua bati la Tatiana. Wengine walilala kwenye mgongo wa paa, wengine kwenye boriti ya veranda, wengine wakaingia darini kupitia pengo lililokuwa chini ya bati.

Tatiana hakuwapenda. Walichafua shuka alizoanika na kiti alichokalia, wakala mahindi yake mkekani, na alipowarushia ndara waliinuka kidogo tu, wakarudi palepale.

Stany alipokuja mapumziko, alikula akisinzia, akajitupa kitandani. Kulipopambazuka, kucha zikaanza kukwaruza bati juu ya kichwa chake, na darini njiwa wakanguruma kama maji yanayochemka. Akaketi, macho mekundu.

"Mi siweze kulala mu hii nyumba," alisema. "Kule ni kelele ya mamashini, huku ni banjiwa. Nitalala wapi, Tati?"

Ikawa hivyo kila alfajiri ya mapumziko yale. Siku ya kuondoka alikwenda sokoni, akarudi na pakiti ya dawa ya panya.

"Utachanganya na mahindi, utaweka pa juu ya ukuta. Nikirudia, nikute biliisha."

Tatiana akasema ndiyo. Basi la kazi lilikuwa limeshapiga honi.

Kesho yake alikuwa uani, bakuli la mahindi mbele yake, pakiti mkononi, jirani yake alipochungulia juu ya ukuta. Alikuwa Tata Kankolongo, mzee wa asili ya Kasai, fundi wa kuunga vyuma aliyestaafu. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wake wakiishi Likasi na Mbuji-Mayi, na mara nyingi sauti pekee iliyotoka kwake ilikuwa ya redio.

"Mama, ile ni nini?"

"Ni dawa ya banjiwa, tata."

"Ya kufukuza ao ya kuua?"

Tatiana akaifunika pakiti kwa kiganja.

"Zika ile kitu," alisema mzee. "Chimba shimo murefu, uzike. Batoto ba hii avenue banakula njiwa. Mutoto akiokota moja yenye kufa, mama yake atapika, hatajua kitu. Na tena, ndeke ilikosea nani? Balibomoa nyumba yake, iko natafuta pa kulala."

"Bwana yangu naye eko natafuta pa kulala," alisema Tatiana.

Yalimtoka tu. Mzee akamtazama, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Basi tutafute namna. Kila mutu alale kwake."

Alikuja mchana uleule na ngazi begani, akihema kama aliyebeba nyumba nzima. Hakupanda. Alizunguka nyumba akitazama juu, akauliza njiwa wanakula nini, wanaingia wapi, wanakaa wapi kwa muda mrefu. Tatiana alimwonyesha. Mzee akamwambia aanike mahindi ndani ya veranda, ayafunike kwa wavu, na asimwage tena makombo ya bukari, ugali wa huko, uani. Kisha akamtuma apande ngazi, alitazame lile pengo chini ya bati.

"Weye hautapanda, tata?"

"Magoti ilikataa zamani. Mi nitashika ngazi."

Tatiana alipanda. Alisogeza uso kwenye pengo, na harufu ikampiga puani. Macho yalipozoea giza, aliona makinda mawili kwenye vijiti, yenye vinyoya vya manjano na midomo mikubwa isiyolingana na vichwa. Yalimgeukia yakiwa na midomo wazi.

"Kuko batoto bawili," alisema.

"Basi hatufunge. Tukifunga leo, mama yabo atabakia inje, bo batakufa mule ndani, na bwana yako hatalala sababu ya harufu. Tungojee baruke."

Jioni ile Stany alipiga.

"Banjiwa balikufa?"

"Hapana. Kuko batoto."

"Batoto?"

"Bawili. Babaya sana, Stany. Sura yabo ni kama ya ule mukubwa wenu wa kazi mwenye ulinionyesha ku foto."

Stany akacheka. Tatiana hakukumbuka mara ya mwisho kuisikia sauti hiyo, na alisimama katikati ya chumba, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili. Alimweleza habari ya sumu aliyoizika, ya Tata Kankolongo na magoti yake, ya wavu juu ya mahindi. Stany hakukasirika. Aliuliza pengo ni la ukubwa gani. Aliuliza mzee anafunga na nini.

Tangu siku ile simu zilirefuka. Stany alipiga hata wakati wa chakula, na nyuma yake Tatiana alisikia vijiko na sauti za wanaume. Kila mara swali la kwanza lilikuwa, "Na banjiwa?" Naye alikuwa na la kujibu. Makinda yameota manyoya. Moja limeanguka kwenye boriti, nimelirudisha. Leo nimekwaruza uchafu wote wa verandani, lakini Tata Kankolongo amenifunga kitambaa puani na kuniambia niloweshe kwanza, vumbi lake lisiniingie kifuani.

Boriti ya veranda waliishughulikia kwa ubao. Mzee alikata kipande kirefu, Tatiana akakipigilia kwa mshazari juu ya boriti, hata njiwa akitua anateleza na kuondoka mwenyewe, bila jeraha. Mgongo wa paa ulihitaji kazi zaidi. Mzee, akiwa chini, alifunga waya mwembamba kwenye misumari mirefu, na kila mwisho wa waya akaunga kipande cha mpira wa tairi la baiskeli.

"Mupira ni ya nini?" aliuliza Tatiana.

"Iache waya icheze. Ndeke hapende kusimama pahali penye kucheza chini ya miguu."

Basi Tatiana alishinda juu ya paa akiupigilia waya huo, akisogea taratibu kwenye mistari ya misumari ya bati, kitambaa kichwani, nyundo kiunoni. Kutoka kule aliona mbali. Aliona paa za mtaa, kifusi cha kina Ngeleka, na upande wa mgodi wa Mashamba vilima vya udongo uliochimbwa, vilivyokatwa ngazi ngazi. Malori yalipanda na kushuka juu yake, madogo kama punje, kila moja na vumbi lake.

Alimwambia Stany. Stany akafurahi kama mtoto.

"Kesho, mbele ya jua kushuka, panda. Mi nitakuwa ku ile mulima ya mwisho. Nitawasha mataa mara mingi mingi, utaniona."

Kesho yake alipanda, akaketi kando ya waya, akangoja. Malori yakaja. Kwa sababu ya vumbi yote yalikuwa yamewasha taa, na taa zote zilionekana zikififia na kuwaka, kadiri vumbi lilivyopita mbele yake. Alitazama lori moja mpaka likazama nyuma ya kilima, akatazama lingine. Hakuna aliloweza kusema ni la mume wake. Alishuka giza lilipoanza kuingia.

"Uliniona?" aliuliza Stany kwenye simu.

"Nilikuona."

Makinda yaliruka asubuhi moja yenye upepo, la pili likisitasita ukingoni kabla ya kujiachia. Tatiana na mzee walingoja siku kadhaa wawe na hakika kwamba hakuna kilichobaki ndani. Tatiana alichungulia darini kwa tochi, akatoa vijiti, akapiga wavu wa waya kwenye lile pengo kutoka kona hadi kona. Jioni njiwa walirudi. Walitua kwenye waya, ukacheza, wakaruka. Walijaribu boriti, wakateleza. Walisimama ukutani wamejipanga, wakiitazama nyumba. Walirudi tena na tena, kila jioni wachache kuliko jana, hadi wote wakahamia ghorofa isiyomalizika iliyokuwa njia panda, ambayo haikuwa na mtu wa kumsumbua usingizi.

Tata Kankolongo alibeba ngazi yake. Tatiana alimpelekea sahani ya mboga na bukari, mzee akairudisha kesho yake juu ya ukuta, safi, akasema aksanti. Baada ya hapo hakukuwa na sababu ya kuitana.

"Banjiwa?" aliuliza Stany.

"Biliisha. Hakuna hata moja."

"Aksanti, Tati. Aksanti mingi."

"Ndiyo."

Alisikia vijiko nyuma yake. Alitafuta neno. Stany naye, ilionekana, alitafuta.

"Ulikula?" aliuliza.

"Nilikula."

"Haya, basi."

Stany alipokuja, alisimama uani akitazama paa, akatikisa kichwa kwa mshangao. Kisha akaingia, akalala. Alfajiri ilipita bila ukucha hata mmoja juu ya bati. Alilala mchana. Aliamka, akala, akasema chakula ni kizuri, akalala tena. Tatiana alitembea bila viatu ili asimwamshe. Alipika nje, mbali na dirisha. Wakati mwingine aliketi kwenye kiti cha mlangoni, akamtazama mtu huyu aliyemngoja kiangazi kizima, mdomo wazi kidogo, mkono ukiwa umefunika macho kama bado anakinga jua la machimboni.

Siku moja kabla ya kuondoka kwake, alimshika bega.

"Stany. Amka."

"Kuko nini? Kuko mutu?"

"Hakuna mutu. Ni mi. Amka, tusemezane kidogo."

Stany aliketi, akajifuta uso. Walikaa pamoja ukingoni mwa kitanda.

"Mu ile cabine ya lori niko peke yangu tangu asubuhi," alisema hatimaye. "Ninaweza kumaliza siku nzima bila kusema kitu. Ukiniambia mambo ya banjiwa, mi ninawaza ile tu. Hata pa kula, benzangu banaulizaka, Stany, batoto ba njiwa baliruka? Siku niliwaambia baliruka, bamoja balipiga mikono." Akakunja pembe ya shuka. "Sasa hawaulize tena kitu."

"Hata mi sijue nikuambie nini," alisema Tatiana.

Stany akainama, akatazama mikono yake.

"Ile siku ya mataa. Sikukuwa ku ile mulima, Tati. Asubuhi balinituma ku shimo ingine, pale haunione hata kidogo. Nilisahau kukuambia, na jioni ukasema uliniona."

Tatiana aliona uso ukimwaka.

"Uliona nini?" aliuliza Stany.

"Niliona mataa mingi. Sikujua ni gani. Nilisema vile ili usikose furaha."

Hakuna aliyecheka. Stany alimshika mkono, akauweka juu ya goti lake, na wakabaki hivyo mpaka chungu kilipoanza kuunguza nje na Tatiana akainuka. Alipogeuka alikuta mume wake amemfuata uani. Alikaa juu ya tofali, akachambua mboga vibaya, shina na jani pamoja, hadi mwanga ulipokwisha. Kesho yake basi lilimchukua.

Mvua za kwanza zilikuja wiki hiyo, zikageuza vumbi kuwa tope. Stany alipopiga simu, hakuuliza kama amekula.

"Leo kulikuwa nini?"

"Hakuna kitu," alisema Tatiana. Kisha akafikiri. "Joyeuse alianguka hapa pa mulango. Na beseni yote ya mikate."

"Aliumia?"

"Hapana. Alikaa mule mu matope, akacheka. Mi nilikuwa namuvuta, eko nacheka tu, hata nguvu ya kusimama hakuna."

"Na mikate?"

"Ilienda na mayi ya mvua."

"Yote?"

"Moja ilibakia. Alinipatia."

Stany alicheka kidogo. Mtu alimwita kwa jina, kwa sauti ya haraka.

"Bananiita," alisema.

"Enda."

Simu ikakatika. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata redio ya Tata Kankolongo haikusikika. Tatiana alisimama mlangoni, akaula ule mkate mkavu, akitazama maji yanavyopita.