Mbao Inawaka

Baba yangu ni seremala. Miaka yote ambayo kaka alipiga muziki wa panki kwenye stoo yetu ya mbao, akiimba mpaka mishipa ya shingo imtoke, baba alikuwa na neno moja tu: kelele. Akisikia gitaa, anawasha randa ya umeme makusudi. Mimi nilikuwa kwenye ngoma, kwa hiyo matusi tuligawana.

Kaka alikamatwa Jumamosi, akiwa bado jukwaani, kwa wimbo unaomsema Mkubwa wa mji. Jumatatu nikaenda kituoni na baba.

"Baba, leo ni kuomba msamaha tu," nilimwambia njiani. "Usiongeze neno."

"Sawa, mama."

Bahati ilikuwa upande wetu, maana mpelelezi alikuwa amechoka kuliko sisi.

"Mzee, nimesikiliza hii rekodi mpaka kichwa kinaniuma. Hakuna anachosema, anabweka tu. Sasa nimpeleke mtu mahakamani kwa kubweka? Weka sahihi hapa, mchukue mwanao, mtafutie kazi ya maana."

Akasukuma kalamu mbele ya baba. Moyo wangu ulishafika nyumbani.

Baba hakuigusa ile kalamu. "Umesema anabweka?"

"Usikasirike, mzee. Ni kelele, hata wewe unajua."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nikamkanyaga tena kwa nguvu. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku hiyo nilitamani asiujue kabisa.

"Mwanangu hapigi kelele," baba alisema. "Ana maneno." Akavua kofia, akasimama, akaanza polepole kama mtu anayesali:

*Mkubwa kakalia kiti, tulichokichonga sisi.*
*Tukiomba pa kukaa, anatuambia tusimame.*
*Asisahau, kiti ni mbao,*
*na mbao inawaka.*

Alitoa beti zote, hata ule ubeti tulioufuta, ambao haukuwahi kutoka nje ya stoo. Kumbe zile siku randa ikinyamaza, hakuwa anapumzika.

Mpelelezi akairudisha kalamu upande wake. "Hapo pa kuwaka, mzee, hebu rudia," alisema kwa upole. "Taratibu, niandike."

Na baba, kwa kuona kuna mtu anayesikiliza hatimaye, akarudia.

Kosa likawa kuchochea watu wachome moto. Kaka alipitishwa koridoni akiwa na pingu, anapelekwa gereza kuu kungoja kesi. Nikamkimbilia.

"Nani kawapa maneno?" aliniuliza.

"Baba."

"Baba yupi?"

"Baba yetu. Wimbo wote, mpaka ule ubeti tulioufuta."

Nilingoja atukane. Nilitaka atukane.

"Hakukosea?"

"Hakukosea hata neno."

Akacheka, halafu uso ukamharibika, akalia mbele ya askari bila hata mkono wa kujifutia. Wakamsukumia kwenye gari.

Niliporudi ndani, baba alikuwa bado amesimama mezani, kofia mkononi, akimwuliza mpelelezi ni wapi aweke sahihi ili amchukue mwanawe.