Bakuli la Sukari la Mautuma

Mwaka wa 1994 nilikuwa na birika, jagi la maziwa na vikombe sita, vyote vya kauri ya Kijapani, vyote vimechorwa kwa mkono: korongo mweupe akiruka juu ya maua mekundu. Kilichokosekana ni bakuli la sukari. Walowezi wa Kizungu walipoondoka Lugari waliacha vyombo vyao vikatawanyika, nami nilivifuata kimoja kimoja kwa miaka tisa, kila Jumamosi nilipofunga meza yangu ya kutengeneza saa mjini Kakamega.

Bakuli nililipata Mautuma, hukohuko Lugari, kwa Mama Selpher, mkulima wa mahindi. Alikuwa akilitumia kuwekea chumvi. Aliimwaga kwenye sahani ili nilitazame, nikatoa lenzi yangu ya kutengenezea saa. Chini kulikuwa na alama mbili nyekundu, za mkono uleule uliochora vyombo vyangu. Korongo wake alikuwa na shingo ndefu kuliko wenzake. Labda mchoraji siku hiyo alikuwa na furaha.

"Unaliuza, Mama?"

"Fundi, hili aliniachia mama mkwe. Nikiliuza, nitamwambia nini tukikutana?"

Sikubishana. Lakini nilipoaga alilijaza njugu, akalifunga kwa leso. "Mpelekee mama watoto."

Njugu mke wangu Muhonja alizimaliza kwa siku mbili. Bakuli likakaa na wenzake kabatini wiki tatu.

"Baba Bramwel," akasema, "chombo cha watu kimeanza kukuzoea."

"Natafuta cha kukijaza." Kwetu chombo kilicholeta chakula hakirudi kitupu.

"Wiki tatu? Unatafuta ng'ombe?"

Jumamosi iliyofuata nililijaza sukari. Kisha nikapata wazo: nibebe na kikombe kimoja, kile kizuri kupita vyote, Mama Selpher aone undugu wa vyombo hivi. Huenda moyo wake ungelegea, aniuzie. Nikaona aibu kuingia kwa mtu na kikombe kitupu, nikakitia majani ya chai.

Aliviweka mezani, akavitazama kwa muda.

"Ni ndugu kweli. Huyu shingo fupi, huyu ndefu. Kama wanangu."

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana nilifikiri..."

"Sukari na majani! Fundi, umebakisha maziwa tu." Akavibeba vyote viwili kwa mikono miwili, akavifungia kabatini.

Nikakohoa. "Mama, kile kikombe..."

"Usiwe na wasiwasi. Mimi nililelewa, siwezi kukurudishia kitupu. Lakini saa hii nyumba imekauka, hata njugu zimeisha. Ngoja tuvune."

Nikachungulia dirishani. Ulikuwa mwezi wa nne, na mahindi yake yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu.

Ningeweza kumwambia nilikileta kukionyesha tu. Nilifungua mdomo, nikazikumbuka wiki zangu tatu, nikaufunga.

Nyumbani Muhonja alihesabu vikombe, akahesabu tena.

"Kumbe ulienda kumwongezea!" Alicheka hadi akashika ukuta.

Niliandika kwenye daftari langu: *Kikombe kimoja, Mautuma, hadi mavuno.* Na mimi, mtu nisiye na shamba hata la sukuma wiki, nikaanza kumuuliza kila mteja aliyetoka Lugari kama kwao mvua imenyesha.