Mgeni kutoka Mamboleo

Jumatatu jioni Becky, mtoto wa miaka minne, alitoka nje ya nyumba yao mtaani Nyamasaria, akafunga mlango, kisha akabisha hodi. Mamake, Jacinta, alipofungua alimkuta ameshika mkoba wa kwendea kanisani. Akasema yeye ni Mama Metrine kutoka Mamboleo, amepita tu kuwasalimia.

Jacinta alicheka. Kufikia Jumatano hakuwa anacheka tena. Mtoto hakuitikia jina lake. Alikataa kikombe chake cha plastiki, akataka chai kwa kikombe cha kabatini, cha wageni. Alikataa pia kuogeshwa, akauliza kwa upole ni nyumba gani hii inayowavua wageni nguo. Babake, Obonyo, alimpima joto, akakuta hana homa. Wakamwita Seline, mke wa pasta, aje aombe. Becky alimsogezea kiti, akamwambia asione haya, kwani hata yeye si wa hapa.

Alhamisi Mama Metrine akabisha tena. Obonyo alikuwa kwenye simu, Jacinta kwenye cherehani. Kwa kuchoka tu, wakakubaliana wampokee kama mgeni kamili. Simu ikazimwa, cherehani ikafunikwa, wakakaa naye sebuleni wote wawili. Mgeni alikunywa chai. Akauliza kama kwao kumenyesha, na kama samaki bado ni ghali huku. Kisha akaweka kikombe chini.

"Na yule mtoto wenu, Becky, yuko wapi?"

Obonyo alimtazama mkewe. "Yuko ndani," akasema.

"Huwa mnakaa naye hivi?"

Jacinta alijaribu kukumbuka maneno aliyomwambia mtoto wiki ile, akaona karibu yote yalikuwa ya kumtuma, kumkataza au kumwambia angoje.

"Tunampenda sana," akasema. "Tulidhani anajua."

"Basi nitamwambia," mgeni akasema, akaongeza sukari.

Alikaa mpaka usingizi ukamchukua kwenye kochi, mdomo wazi. Obonyo alimbeba hadi kitandani kwa adabu, kama mtu aliyebeba mama wa watu.

Asubuhi aliamka akiwa Becky, akadai uji. Siku hizi, kila jioni, wazazi hukaa naye nusu saa bila simu wala cherehani. Obonyo hulalamika kwamba mtoto hana habari nyingine ila za kuku wa jirani, lakini huwa wa kwanza kuketi.